Waya wa Shanga

Kitengela,
Jumapili, 19 Januari 2025

Kaka Koinet,

Supa. Yeiyo anakusalimu, majirani wote wa ploti wanakusalimu, na yule kuku mwekundu aliyezoea kulala juu ya tangi la pikipiki anazunguka kibanda chako cha ufundi kila jioni akikutafuta. Sisi hatujambo. Matokeo ya mtihani yametoka na nimepata B. Yeiyo alilia kanisani, mama huyu wetu. Mchungaji akaniita mbele nisimame waumini wanione, nikasimama, lakini macho yangu hayakutoka kwenye viatu. Ungekuwepo ungenicheka mpaka Jumatatu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako uliiacha juu ya kabati ukasema hutaki kupigiwa. Tena Yeiyo anasema pale kwa Kokoo mtandao haushiki mpaka mtu apande kilima. Mulinge amekubali kubeba barua. Kila Alhamisi anakuja huko Mashuuru kununua mbuzi wa kichinjio. Nilimuuliza kama ni usumbufu, akasema, "Msichana, nabeba mbuzi arobaini wanaonikojolea. Bahasha itanifanya nini?"

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Bwana Wanyama, yule wa karakana ya Kajiado mjini, alikuja hapa kukutafuta. Anataka fundi mkuu wa kufufua pikipiki kuukuu. Yeiyo akamwambia mguu wako wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya ile ajali ya mbio za pikipiki uwanjani. Akajibu, "Mama, mguu ni wa kupanda. Mimi nataka mikono yake." Nafasi ataishikilia mpaka mwisho wa Machi.

Pikipiki yako, Daktari, naye yuko nyumbani. Mwenzako Maina alimleta kwa pikapu siku ulipotoka hospitali. Nimemfunika kwa gunia.

Mguu unaendeleaje?

Mdogo wako,
Soipan


Mashuuru,
2 Februari 2025

Soipan,

Supa, dada yangu. Kwanza hongera kwa hiyo B. Nimemwambia Kokoo, akauliza B ni ng'ombe wangapi. Nyanya yetu ni mzima. Ananinywesha maziwa kama ndama aliyefiwa na mama, na nikikataa anakaa hapo na kibuyu mpaka nichoke.

Mguu hauendelei mahali. Haupo.

Mwambie Bwana Wanyama asante na atafute mtu mwingine. Fundi anayesahau kukaza bolti si fundi. Wewe ulikuwa pale, uliona. Raundi ya tatu bolti ya oili ikatoka chini ya injini, oili ikamwagikia tairi la nyuma, na nilipolala kwenye kona pikipiki ikanitoka na kuniangukia. Mimi ndiye nilifunga ile injini. Niko na kumbukumbu ya kila kitu cha ile Jumamosi ya kuamkia mbio, hata wimbo uliokuwa kwa redio, lakini nikifika pale pa kukaza hiyo bolti sioni mkono wangu.

Nataka uniangalie kitu kimoja. Sheria ya uwanja unaijua: bolti ya oili inatobolewa kichwa na kufungwa na waya kwa injini, ndiyo hata ikilegea isizunguke ikatoka. Kufunga waya ilikuwa kazi yako, kwa sababu vidole vyako vinaingia mahali vyangu haviingii. Na sikuwahi kukukagua hata siku moja. Nilikuwa najisifu hivyo kwa vijana: kazi ya Soipan haikaguliwi.

Lala chini ya Daktari uangalie pale bolti ilikuwa. Waya uko? Ulikatika, ama haukuwekwa? Niambie tu vile umeona.

Msalimie Yeiyo. Usimwambie mambo ya kibuyu.

Koinet


Kitengela,
9 Februari 2025

Kaka Koinet,

Barua yako nimeisoma mara nne. Yeiyo yuko salama isipokuwa mgongo. Amepata kazi ya shanga za harusi, kola kumi na mbili na bangili za wasimamizi, na mteja anatoka Namanga anakuja kuzichukua baada ya Pasaka. Mimi namsaidia kupanga rangi tu. Siku hizi sipendi kukaa na zile shanga.

Hapa ni jua na vumbi. Maji ya bomba yanakuja Jumanne peke yake. Binti wa jirani, Dinah, ameniambia tutafute kazi pamoja kwenye mashamba ya maua, lakini nikifikiria kusimama kwenye foleni na watu mia moja wakiniangalia, nabaki nyumbani.

Leo nimekumbuka siku tulipomleta Daktari. Unakumbuka yule afisa wa mifugo aliyestaafu alivyotuonyesha? Pikipiki ilikuwa ndani ya banda la mbuzi, kamba zimefungwa juu yake, na yeye akaipigapiga tangi akasema, "Huyu amechanja ng'ombe wa Mashuuru yote. Mheshimuni." Ndiyo maana ukaiita Daktari. Ulipoanza kukata madigadi na kutoa taa ili iwe nyepesi uwanjani, niliona haya kwa niaba yake. Lakini ulipoiwasha baada ya miezi saba na moshi ukaisha na sauti ikawa moja, safi, ulinitazama mimi kwanza kabla ya kuwatazama wenzako.

Kuhusu injini, bado sijapata nafasi ya kulala chini yake. Nitaangalia.

Bwana Wanyama nimemwambia unafikiria. Nisamehe.

Soipan


Mashuuru,
27 Februari 2025

Soipan,

Sisi tuko. Mbuzi wawili wa Kokoo wamekufa na kiangazi. Fimbo zangu za kutembelea zimetoboka raba, zinazama kwa mchanga.

Kwa nini ulimwambia nafikiria? Sifikirii.

Hapa kuna muuguzi anaitwa Caren, anazunguka maboma akichanja watoto. Wiki jana pikipiki yake ilizima mbele ya boma letu. Watu wakamwambia, uko na bahati, huyu hapa ni fundi wa Kitengela. Akaniletea mpaka mlangoni. Ilikuwa ni nati ya kabureta tu, Soipan. Hata wewe ungekaza ukiwa umefunga macho. Nilishika spana yake, nikaigeuza mara mbili, nikamrudishia, nikamwambia sijui pikipiki. Akaniangalia. "Hujui, na unashika spana kama mtu anashika kijiko?" Nikageukia ukuta. Akatembea kilomita tisa na sanduku la chanjo begani.

Tangu siku hiyo nakaa nikiangalia huo ukuta. Kokoo anauliza ukuta unasema nini.

Hukunijibu. Waya ulikuwa, ama haukuwa?

Koinet


Kitengela,
3 Machi 2025
(Hii sikuituma.)

Kaka,

Waya ulikuwepo. Ulikatika. Niliuona siku ileile Maina alipomshusha Daktari. Nililala chini kabla mtu mwingine hajalala, nikaukuta unaning'inia, nikaukata kwa plaisi na kuuficha ndani ya soksi.

Haukuwa ule waya mgumu wa chuma. Ule uliisha ile Jumamosi jioni, ikabaki bolti moja, ya oili. Nilitoka kibandani kukuambia. Ulikuwa pale getini na Maina na vijana kama wanane mnacheka, mmoja akasema, "Hee, fundi mdogo anakuja, amemeza ulimi leo tena?" Nikarudi ndani. Nikaingia chumbani kwa Yeiyo nikachukua waya wake wa bangili, ule laini. Nilijua ni laini. Nilizungusha mara mbili ili uwe mnene. Uling'aa sawasawa na ule mwingine. Asubuhi mkaguzi wa uwanja akainama, akamulika, akasema, "Safi sana."

Nilishindwa kuongea mbele ya watu wanane. Ni hilo tu.

Siwezi kuituma hii. Ukiisoma hutakuwa na dada, na mimi


Kitengela,
6 Machi 2025

Kaka Koinet,

Natumaini mbuzi waliobaki wanaendelea. Nimempa Mulinge raba mbili za fimbo zako. Nilizikata kutoka tairi kuukuu na kuzishona, zijaribu.

Nimelala chini ya Daktari. Kuna oili iliyoganda na vumbi jingi. Sikuona waya.

Tafadhali kula.

Soipan


Mashuuru,
20 Machi 2025

Soipan,

Raba zimetosha. Asante.

Basi hakuna waya. Nilikuwa nangojea hilo jibu tangu Februari. Nilifikiria nikilipata nitapumua. Sijapumua.

Sasa fanya hivi. Spana zangu zote mpatie Maina. Daftari langu la vipimo choma. Daktari aende kwa watu wa vyuma chakavu, na usimsindikize. Helmeti nimeshampatia mchungaji wa kondoo hapa, anachotea maji nayo.

Kokoo amechukua kisu changu cha kuchonga, anasema amekipoteza. Kokoo hajawahi kupoteza hata sindano. Siku hizi analala mlangoni kwangu, na asubuhi ananigusa bega kabla ya kugusa mbuzi akiwahesabu. Mwambie Yeiyo asihangaike. Mimi nimechoka tu kuwa mtu wa kuhesabiwa.

Usiniandikie tena. Si kwa ubaya.

Koinet


Kitengela,
23 Machi 2025

Kaka Koinet,

Leo sina salamu. Nimesoma hapo pa kisu na sina nguvu ya kukuambia habari za Yeiyo na kuku.

Nilikudanganya. Sikuona waya kwa sababu nilikuwa nimeshautoa mimi mwenyewe. Nimeubandika hapa chini kwa gundi. Uangalie vizuri, wewe unajua vyuma. Ni waya wa shanga wa Yeiyo. Wetu wa chuma uliisha nikaona haya kuja kukuambia pale getini mbele ya vijana. Niliufunga upande wa kukaza kama ulivyonifundisha, nikauzungusha mara mbili, na nilijua haufai. Nilijua, kaka. Sitasema sikujua. Na nimekaa miezi mitatu na siri hii, nikikusoma ukijiita mtu aliyesahau, na nikanyamaza, kwa sababu kila wiki niliyonyamaza iliifanya wiki inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Kwa hivyo mikono yako haina makosa. Ni mimi. Ukitaka kunichukia una haki, lakini nenda Kajiado. Bwana Wanyama ameniambia tena jana: anangoja mpaka tarehe thelathini na moja. Mulinge anatoka Alhamisi tarehe ishirini na saba. Panda gari lake arudi na wewe, hata ukae na mbuzi nyuma.

Spana sijampa mtu. Daftari sijachoma.

Usijifanyie lolote. Nakuomba kwa magoti, na unajua mimi siombi vitu.

Soipan


Kitengela,
13 Aprili 2025

Kaka,

Sijui kama uko.

Ile barua ya mwezi jana haikufika. Mvua ilianza usiku wa kuamkia Alhamisi, na Mulinge alikuta korongo limejaa, lori la maji limezama mpaka madirishani. Akageuza. Alhamisi iliyofuata vilevile, na hii nyingine vilevile. Jana amenirudishia barua yangu imelowa, wino wote umekimbia. Alisema, "Usilie, mwanangu, mimi nimerudi na mbuzi sifuri na silii."

Nilimuuliza kama amesikia lolote kutoka ng'ambo. Akasema watu hupigiana kelele kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na hakuna aliyepiga kelele ya msiba. Hiyo ndiyo habari pekee niliyo nayo kukuhusu kwa majuma matatu. Nalala nayo.

Nafasi ya Kajiado imekwenda. Bwana Wanyama alipiga simu mwenyewe, na kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Ameandika fundi kutoka Machakos.

Barua nimeinakili upya, neno kwa neno, sikupunguza kitu. Iko ndani ya hii. Waya haukuharibika, nimeubandika tena. Mulinge ameahidi kuivusha kwa mkono hata kama ni kuvua nguo na kuogelea, na Yeiyo akamwambia, "Barua ivuke, nguo usivue, Kokoo ni mzee."

Yeiyo hajui bado. Anafikiri nalia kwa sababu ya kazi.

Nijibu hata kwa neno moja. Hata kama ni tusi.

Soipan


Mashuuru,
4 Mei 2025

Soipan,

Niko.

Barua zako mbili zilifika pamoja. Mulinge alivuka na nguo zake. Nilisoma nikatoka nje, nikakaa kwa mvua mpaka Kokoo akaja kunifunika na ngozi. Siku nne sikutaka kuona jina lako. Nakuambia kwa sababu ulisema hata tusi ni sawa.

Sasa sikiliza. Waya haukazi bolti. Waya unashika bolti iliyolegea isitoke. Kwa hivyo kuna mtu aliiacha ilegee, na huyo mtu hakusahau. Nilikudanganya tangu barua ya kwanza. Naukumbuka mkono wangu vizuri sana.

Meno ya lile shimo la bolti yalikuwa yameisha. Niliona ile Ijumaa. Bolti ilikuwa inazunguka, inazunguka, haishiki. Kazi ya haki ilikuwa kufungua injini na kutengeneza meno mapya, na hiyo ni wiki nzima, na mbio ni Jumapili, na vijana wote walikuwa wameambiwa. Nikazungusha ule utepe mweupe wa mafundi wa mabomba. Bolti ikasimama. Nikajiambia itashika raundi tano, na tena Soipan atafunga waya. Niliweka maisha yangu yote kwa waya wako na sikukuambia. Ungejua, ungetembea mpaka getini kuniomba waya wa chuma. Nakujua. Hata wangekuwa vijana themanini.

Na hii ndiyo mbaya kabisa. Nilipokuuliza kuhusu waya, Februari yote mpaka Machi, nilikuwa naomba useme hakuna. Nilitaka iwe ni wewe. Ulipoandika "Sikuona waya" nilipata nilichokuwa natafuta, na ndipo nikaona vile nimekuwa, mtu wa kutafuta kumbebesha mtoto lawama ya mguu wake. Ndiyo maana Kokoo alichukua kisu. Haikuwa kwa sababu ya mguu.

Sijakusamehe miezi mitatu ya kunyamaza. Itachukua muda. Na wewe usiharakishe kunisamehe.

Kajiado imeenda, sawa. Lakini Jumatano Caren alipita hapa, bolti ya breki ya nyuma imelegea. Niliomba spana. Nikakaza. Nikafungua nikakaza tena. Nafikiri mara saba. Akaniuliza, "Koinet, nitoke, ama nihamie hapa kabisa?" Ni bolti moja, kwa hivyo usianze kushangilia na Yeiyo. Lakini aliondoka ikishika.

Korongo limepungua. Kama Daktari bado yuko, niletee injini tu, fremu iache. Nataka kutengeneza yale meno nilivyopaswa. Si ya mbio. Caren anasema injini yake haitamaliza mwaka mwingine, hii itamfaa.

Na kwa waya, unajua ni upi.

Koinet


Kitengela,
11 Mei 2025

Kaka Koinet,

Supa. Yeiyo anakusalimu, na safari hii anakusalimu akijua kila kitu, kwa sababu nimemwambia. Alifungua kikapu chake cha waya na kuvuta kipande kwa meno, kikakatika palepale, akakitazama. Hakunipiga. Ameenda kukaa kwa kina Dinah na hajarudi, lakini ameacha ameniwekea chai.

Barua yako nimeisoma. Ile ya kuomba niseme hakuna imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Jana jioni nilienda getini. Walikuwepo, Maina na wengine, nadhani saba. Mmoja akaanza yale yake ya ulimi. Nikasema, "Nyamazeni kidogo." Sauti ilitoka kubwa hata mimi nikashtuka. Nikawaambia ni waya gani uliokuwa chini ya Daktari, ni nani aliufunga, na kwa nini sikuja kuuliza. Nilisema yote nikiwatazama, isipokuwa mwisho niliangalia chini. Sikusema lako la meno. Hilo ni lako.

Hakuna aliyecheka. Maina alikaa juu ya jiwe akashika kichwa. Kisha akasema, "Wewe ungekuja tu, Soipan. Tungekukejeli dakika mbili, halafu ningekupeleka kwa pikipiki kununua waya. Dakika mbili." Ameirudia mara nyingi, dakika mbili, na mimi tangu jana sisikii kitu kingine.

Ndiye aliyenisaidia kutoa injini. Tumeifunga kwa gunia. Alhamisi nitapanda na Mulinge, nikae mbele, naye amesema atanitoza kwa kusikiliza hadithi zake zote. Naleta spana, daftari, bolti mpya, na waya wa chuma, ule mgumu unaochoma vidole. Nimenunua mzunguko mzima ili usiishe.

Meno utatengeneza wewe. Nikimaliza kufunga waya nitakuita, hata kama Caren yupo, hata kama boma zima limejaa watu. Chukua tochi, ulale chini, uuvute kwa plaisi.

Usiniamini. Kagua.

Mdogo wako,
Soipan